Picha imetoka giza? Tafuta mwanga kwanza, rangi baadaye

Kila baada ya harusi mtaani kwetu simu yangu hujaa picha. Huyu analeta ya maharusi, yule ya watoto wakicheza uani usiku, mwingine ya bibi yake ambaye hapendi kabisa kupigwa picha na safari hii amekubali. Ombi huwa lile lile: "Itie rangi kidogo, imekuwa giza."

Wengi huwa wameshajaribu wenyewe kabla ya kuniletea. Wamefungua programu ya kuhariri picha, wakakiona kipimo kilichoandikwa Saturation, wakakivuta hadi mwisho. Midomo imekuwa ya chungwa, ukuta umekuwa wa manjano, na giza liko pale pale. Sababu yake ni rahisi, na ukishaielewa, msomaji wangu, hutahitaji kumbembeleza mtu akuharirie.

Chukua mfano wa bibi huyo. Amekaa ndani ukumbini, mlango uko wazi nyuma yake, na nje jua la saa tisa linawaka. Amejifunga leso nyekundu. Simu inaona mwanga mwingi wa mlangoni, inapunguza mwanga wa picha nzima, na bibi anatoka kama kivuli. Leso yake imekuwa damu ya mzee, karibu nyeusi.

Ndani ya simu, kila nukta ya picha hiyo imeandikwa kwa namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Tuseme nukta moja ya leso hiyo ni 40, 8 na 10. Ni nyekundu tayari, kwa kuwa namba ya kwanza imezizidi zile nyingine mara nne au tano, ila zote tatu ni ndogo mno na jicho linaona weusi. Ukikoleza rangi peke yake, unaziongezea tofauti kidogo: pengine 42, 3 na 5. Bado ni giza. Lakini ukizizidisha zote mara nne unapata 160, 32 na 40, na hiyo ni nyekundu ya leso mpya dukani. Hujaongeza rangi yoyote. Uwiano ni ule ule, umeupa mwanga tu.

Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na kipimo cha Shadows, kwa ustadi zaidi kuliko hesabu yangu: huinua sehemu zenye giza na kuziacha zile zenye mwanga. Utakipata kwenye Snapseed, ambayo ni ya bure, na kwenye Lightroom ya simu. Mwenye kompyuta anaweza kutumia GIMP, nayo ya bure, ambako kazi hiyo hufanywa kwa kuuinua mstari wa Curves upande wa kushoto, kwenye giza. Kwa picha ya bibi, mimi ningeinua Shadows kwanza, kisha nikashusha Highlights ili mwanga wa mlangoni usiunguze kila kitu. Mwishowe ningerudisha weusi kidogo, kwa sababu picha isiyo na weusi hata mahali pamoja huonekana kana kwamba imepigwa kupitia ukungu.

Kuna mpaka, na ni vizuri kuujua mapema. Sifuri mara nne ni sifuri. Pale ambapo kamera haikuona chochote, hakuna programu itakayorudisha kilichokuwapo. Zile zinazojaza uso kwa akili bandia zinakisia, na uso wa kukisia si wa bibi yako. Halafu kamera hukosea kidogo katika giza. Nukta mbili za leso moja zaweza kuandikwa 38 na 42, tofauti ambayo hakuna anayeiona. Zizidishe mara nne zinakuwa 152 na 168, na hapo ndipo chengachenga zinapojitokeza kama mchanga. Ukikoleza rangi juu ya chenga hizo, zinageuka madoa mekundu na ya kijani. Kwa hiyo punguza chenga kabla ya kugusa rangi. Kama simu yako ina uwezo wa kupiga picha za RAW, zitumie kwenye mwanga hafifu: picha ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, ilhali RAW ya biti 14 ina 16,384, na zile za ziada husaidia sana kwenye giza.

Mwanga ukishakaa sawa utaona jambo ambalo giza lilikuwa limelificha: taa ya manjano imempaka kila mtu manjano. Hili hurekebishwa kwa White Balance, kwa kuionyesha programu kitu ambacho una hakika ni cheupe. Watu wengi hapa hugusa kanzu. Kanzu nyingi si nyeupe, ni za rangi ya maziwa, na programu ikiambiwa kwamba hiyo ndiyo nyeupe itaipeleka picha nzima kwenye ubuluu. Ukuta uliopakwa chokaa ni bora, au karatasi tupu. Ugumu hasa uko kwenye taa za zambarau na buluu ambazo siku hizi zimejaa kumbi za harusi. Taa za namna hiyo hazitoi karibu mwanga wowote wa kijani, na kisichotolewa hakirudi. Picha hizo mimi huzigeuza za nyeusi na nyeupe bila kusitasita, na wenyewe huishia kuzipenda.

Sasa ndipo rangi inakolezwa. Ukiwa na Lightroom, anza na kipimo cha Vibrance kabla ya Saturation. Saturation husukuma kila rangi kwa nguvu ile ile, hata iliyokwisha kukolea. Vibrance huzisukuma zaidi rangi zilizofifia na kuihurumia ngozi ya mtu, hivyo bahari na mbingu zinaamka bila uso kugeuka papai. Ongeza kidogo, weka simu chini, kanywe maji, urudi uitazame. Jicho huizoea picha haraka sana, na baada ya dakika tano huoni tena kwamba umepitiliza.

Ngozi inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa vifaa hivi havikuanza vikitufikiria sisi. Zamani za filamu, mashine za kusafishia picha zilipimwa kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Mafundi waliziita kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha hizo mwanzoni. Uso wake ukitoka vizuri, mashine iko sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alieleza katika utafiti wake wa 2009 kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoifanya kampuni hiyo iboreshe filamu zake ni ya watu wa matangazo ya chokoleti na ya samani za mbao, ambao hudhurungi zao hazikuwa zikitofautiana. Chokoleti ilisikika. Mwaka 2021 Google ilitoa simu za Pixel 6 ikisema zimetengenezwa kuonyesha vyema ngozi za rangi zote, na mwaka uliofuata ikaweka hadharani kipimo cha ngazi 10 za rangi ya ngozi kilichobuniwa na Ellis Monk wa Chuo Kikuu cha Harvard. Ni hatua njema, ila simu nyingi zilizo mifukoni mwetu si hizo.

Basi kazi inabaki mikononi mwako. Ngozi nyeusi ikiinuliwa kutoka gizani mara nyingi hupauka, inakuwa kijivu kana kwamba mtu hajapaka mafuta. Dawa yake ni kuongeza ujoto kidogo na utofauti wa mwanga na kivuli, usoni tu kama programu yako inaruhusu kuchagua sehemu. Linda mng'ao wa paji la uso, mashavu na ncha ya pua. Huo ndio unaoupa uso umbo.

Usimng'arishe mtu mpaka awe mwingine. Nimeona albamu ambamo uso wa bi harusi ni wa mtu mmoja na mikono ni ya mtu mwingine. Aliyehariri alichukua kipimo cha rangi ya chungwa, ambamo ngozi zetu nyingi huangukia, akakiangaza. Hina nayo iko kwenye chungwa hilo hilo. Ikafifia, ikabaki piko peke yake, kazi ya siku nzima ya mpakaji imekwenda. Watoto wa bi harusi huyo watakapoifungua albamu miaka ijayo, watauliza huyu ni nani.

Kwa wale wanaotutumia picha za habari nina ombi. Picha ya bomba lililopasuka au ya maji machafu yakimwagika baharini ni ushahidi: mwangaza rekebisha, rangi iache. Juni 1994 jarida la Time liliweka jaladani picha ya polisi ya O. J. Simpson ikiwa imetiwa giza, na Newsweek ikaitoa picha ile ile ilivyo. Ziliwekwa rafu moja kwenye vibanda vya magazeti, na kila mpita njia akaona kilichofanywa.

Picha za ndani, za kupamba na za akina mama, zihariri kwa programu inayofanya kazi ndani ya simu yenyewe. Tovuti nyingi zinazojitangaza kuhariri bure huhitaji upandishe picha kwenye mashine zao, na hujui nani anaitazama huko.

Kabla ya kumaliza, shusha mwanga wa skrini hadi nusu uitazame tena, kwa sababu skrini inayowaka kupita kiasi hudanganya, na karatasi daima hutoka na giza kuliko skrini. Kama unakwenda kuichapisha, ongeza mwanga kidogo zaidi na uchapishe nakala moja ndogo ya kujaribu. Ukimtumia mtu wa studio kwa WhatsApp, itume kama hati, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na zile chenga ulizohangaika nazo hurudi. Na ile ya asili, yenye giza lake, usiifute.