Kinu Kinachosahau na Kompyuta Inayokumbuka

Stima ikipotea mjini Njoro, hapa Kenya, kinu cha posho hakinyamazi mara moja. Mkanda huzunguka kwa kujivuta, mngurumo hushuka, unga huacha kutoka. Stima ikirudi, redio ya duka la jirani huanza kuimba yenyewe na taa huwaka, lakini kinu hubaki kimya. Mgeni hudhani kimeharibika. Msagaji hutazama kwanza kama kuna mkono karibu na mkanda, kisha hubonyeza kitufe cha kijani.

Ukimya huo umetengenezwa makusudi. Ndani ya kisanduku cha swichi mna koili. Kidole kikibonyeza kijani, koili hupata umeme, hugeuka sumaku na kuvuta vyuma vinavyopeleka stima kwenye mota. Chuma kimoja kidogo pembeni huendelea kuilisha koili hata kidole kikiondoka. Umeme ukikatika, sumaku hufa, springi husukuma vyuma mbali, na lile ombi la kuwaka hufutika. Kinu hakikumbuki kwamba kiliombwa lolote. Na ni heri kisikumbuke, maana huenda gizani msagaji amefungua kifuniko abadilishe chekeche.

Meinfremu, kompyuta kubwa zinazobeba hesabu za benki nyingi kubwa duniani, zimelelewa kinyume chake. Ndani ya moja huweza kuwa na mamia ya programu zinazotegemeana, na hakuna binadamu wa kubonyeza vitufe vyote hivyo. Kazi hiyo hupewa programu msimamizi. IBM wanayo moja iitwayo System Automation for z/OS. Msimamizi huyu hatunzi tu habari kwamba kitu fulani kinafanya kazi au kimezimwa. Hutunza pia maombi: nani aliomba kiwashwe, nani aliomba kizimwe, na kila ombi lina uzito gani. Ratiba inaweza kuomba programu iwashwe alfajiri huku fundi ameomba izimwe. Lenye uzito zaidi hushinda. Lililoshindwa halitupwi, hukaa likingoja, na mshindi akiondolewa lenyewe hushika usukani.

Hapo ndipo penye mtego. Tuseme fundi amezima programu Jumapili ili aikarabati, kazi ikaisha, akaenda nyumbani bila kuondoa ombi lake. Jumatatu ratiba inaomba programu iwashwe, haisikizwi. Ukitazama skrini ya hali, kila kitu ni shwari: programu imezimwa, na hali inayotakiwa ni hiyo hiyo. Hakuna hitilafu! Anayefuatilia hali peke yake hataona kitu hadi wateja waanze kupiga simu. Anayefuatilia maombi ataona ombi la kuzima lenye umri wa saa ishirini, na jina la aliyeliweka. Kwa maoni yangu orodha hiyo ya maombi yaliyozeeka ina faida kuliko rangi zote za kijani na nyekundu ukutani.

Maombi ya kuwasha na kuzima yako hata kule stima inakotoka. Kutoka Njoro, ukishuka hadi Naivasha na kuzunguka ziwa upande wa kusini, utaona mvuke wa visima vya jotoardhi vya Olkaria ukipanda nyuma ya mbuga ya Hell's Gate. Mtambo wa kwanza huko ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Tabaini ya mvuke haiwashwi kama balbu. Sharti mafuta yatangulie kwenye beringi, maji ya kupoza yazunguke, hewa inyonywe kutoka kwenye chombo cha kugeuzia mvuke kuwa maji, na chuma kipashwe joto taratibu. Ndipo mhimili uachiwe kupanda hadi mizunguko 3,000 kwa dakika kwa tabaini nyingi za aina hii, ambayo ni sawa na mara 50 kwa sekunde, mapigo ya gridi yetu. Kwa hiyo ombi moja la kuwasha huzaa maombi mengine mengi, na kila moja husubiri lililotangulia litimizwe. Kwenye meinfremu ni vivyo hivyo: ukiomba programu ya malipo, msimamizi kwanza huiombea hifadhidata yake.

Kuzima ni kugumu zaidi. Valvu hufunga mvuke kwa kufumba na kufumbua, lakini mhimili wenye tani kadhaa huendelea kuzunguka kwa muda mrefu, na pampu ya mafuta ikizimwa pamoja nao beringi zitaungua. Visima navyo havijui kwamba tabaini imesimama. Mvuke wake hutafutiwa njia ya kutokea angani.

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, swali la nani aliomba nini likawa la nchi nzima. Umeme ulikatika karibu kote Kenya. Wasambazaji wa umeme, Kenya Power, walisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa shamba la upepo la Ziwa Turkana, uliokuwa takribani megawati 270, ambao husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha Suswa, hapa hapa Bonde la Ufa. Wenye shamba wakajibu kwamba mitambo yao ililazimika kujitoa kwa sababu volteji ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Yaani wote wawili walikubaliana mitambo ilizimika. Kilichobishaniwa ni ombi la kuzima lilitoka upande gani.

Ubishi wa namna hiyo huamuliwa na kumbukumbu za rilei, vifaa vya ulinzi vinavyoandika kila amri ya kuzima kwa sehemu za elfu za sekunde. Wimbi moja la umeme wetu huchukua sehemu 20 tu za elfu za sekunde. Saa za vituo viwili zikipishana nusu sekunde, matokeo yatasomeka kama ndiyo chanzo. Ndiyo sababu saa hizo hufuata ishara za setilaiti.

Usiku ule ule, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta moja inayohudumia sehemu ya majengo ya abiria haikuwaka. Abiria walikaa gizani. Ombi la kuwasha, basi, lahitaji safu moja zaidi kwenye orodha ya maombi: limesubiri kwa muda gani bila kujibiwa, na ni sekunde ya ngapi mtu ataitwa.