Nyota za gari na mtoto wa magotini

Jamaa inapotafuta gari ya kwanza, maswali yetu ni yale yale: Bei gani? Inakula mafuta sana? Vipuri vyake vinapatikana hapa Likasi? Swali moja tunalisahau: gari hii ikigongana, watu walio ndani watapona?

Swali hilo lina watu wanaolitafutia jibu. Mwaka 2017, shirika la Global NCAP pamoja na chama cha wenye magari cha Afrika ya Kusini walianza kupima magari yanayouzwa katika bara letu. Gari inasukumwa kwa mwendo wa kilometa 64 kwa saa, inagonga kizuizi kwa upande wa shoferi. Ndani wanaketi watu wa sanamu, wenye vyombo vinavyopima namna kichwa, kifua na miguu vinavyoumia. Kisha gari inapewa nyota, kuanzia sifuri mpaka tano.

Magari matano ya kwanza yalionyesha tofauti kubwa. Toyota Etios ilipata nyota 4 kwa ulinzi wa watu wazima. Volkswagen Polo Vivo na Renault Sandero zilipata 3. Datsun Go+ ilipata 1, na Chery QQ3 haikupata hata moja. Zote zilikuwa mpya, zinang'aa. Kwa macho tu usingejua.

Lakini tuelewe jambo moja. Katika kipimo hicho, kila sanamu ya mtu mzima imefunga mkanda. Sanamu za watoto, wa miezi 18 na wa miaka 3, zinakaa nyuma katika viti vya watoto. Nyota zinapatikana hivyo. Mtoto anayepakatwa magotini hana nyota hata moja, hata gari ikiwa na tano.

Fanyeni hesabu nami. Mtoto wa kilo 10 katika gari inayokwenda kilometa 50 kwa saa: gari ikisimama kwa kugonga, katika nafasi ya nusu meta, mtoto anavuta kama mzigo wa kilo 200. Nani kati yetu anaweza kushika mifuko minne ya simenti kwa mikono miwili? Upendo wa mama ni mkubwa, lakini mikono ina mwisho.

Tena sisi tuna shida yetu. Magari mengi ya huku yametumika kwanza Japani, na usukani uko kuume. Barabara zetu tunapita kuume. Kwa hiyo, kwenye njia ya Lubumbashi, kamioni ikitujia uso kwa uso, upande unaogongwa kwanza ni wa kushoto. Ni nani anakaa pale mbele kushoto? Mara nyingi ni mama na mtoto wake.

Tena nyota ni za gari ilipokuwa mpya. Gari iliyogongwa na kuunganishwa kwa kuchomelea haina tena nguvu ile. Mfuko wa hewa uliofunguka mara moja haufanyi kazi tena, mpaka uwekwe mwingine.

Basi tufanye nini, sisi tusio na pesa ya gari mpya?

Kabla ya kununua, mwombe fundi atazame chini ya gari kama kuna alama za kuchomelea. Washa kontakti: taa ya mfuko wa hewa lazima iwake, halafu izimike. Isipowaka kabisa, au ikibaki inawaka, kuna shida. Vuta kila mkanda kwa nguvu na kwa ghafla; lazima ukamate. Usisahau mikanda ya nyuma, maana mara nyingi imefichwa chini ya kitambaa cha viti.

Watoto wakae nyuma, kila mmoja na mahali pake. Mkanda mmoja haufungi watu wawili. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa.

Na vikundi vyetu, tunapokodi gari kwenda matanga au ndoa, tuulize mikanda kabla ya kuuliza bei. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa mpaka nusu. Shoferi akicheka, mwacheni acheke. Wamama ishirini wakikataa kupanda, kesho atatengeneza mikanda yake.