Rili za Kale na Ushahidi wa Vipande Vyake

Rili ya kuvulia kwa nzi wa bandia ni chombo kidogo cha madini kifungwacho chini ya mpini wa ufito, kazi yake ikiwa ni kuuhifadhi mshipi na kuutoa kwa kadiri pindi samaki anapokimbia nao. Na kwa kuwa zile zilizotengenezwa kwa ustadi zilidumu kuliko watu walioziagiza, leo ziko rili zilizopita mikononi mwa wavuvi wengi, huyu akikaza parafujo iliyolegea, yule akibadili mpini uliovunjika, na mwingine akipiga tupa mguu uliokataa kuingia katika ufito wake mpya, hata anayeipokea mwishoni asiweze kujua kwa mtazamo mmoja ni kipi kilichotoka kiwandani na ni kipi kilichoongezwa njiani. Swali hilo si la anasa. Lahusu mali, maana rili iliyokamilika kwa vipande vyake vya asili huuzwa mnadani kwa bei iliyo mbali na ya ile iliyounganishwa kwa mabaki. Na zaidi ya mali lahusu ukweli, kwa sababu chombo cha kale hutueleza jinsi mafundi wa zama zake walivyofikiri, na kikishachanganywa bila taarifa hutueleza uongo.

Elimu hii haifahamiki vema kwa maneno ya jumla, basi na tuchukue mfano wa rili moja mashuhuri, ile iitwayo Perfect, iliyotengenezwa na Hardy Brothers wa Alnwick, mji mdogo wa Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. William Hardy alianzisha kazi yake mjini humo mwaka 1872, akishughulika na bunduki kabla ya vyombo vya uvuvi kumtwaa, na nduguye John James akaungana naye. Hataza ya rili hiyo ilipatikana mwaka 1888, nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1891. Sifa yake kuu ni kwamba ngoma, yaani sehemu inayokunjiwa mshipi, iliegemezwa juu ya duara la gololi ndogo, ikawa inazunguka kwa wepesi. Iliendelea kutengenezwa hata miaka ya 1960, na katika muda huo mrefu mafundi hawakuacha kurekebisha hiki na kile. Na hapo ndipo ilipo faida ya mchunguzi, kwani kila badiliko lina wakati wake, na wakati huo unaweza kusomwa.

Kanuni ya kwanza, ambayo nyingine zote zaifuata, ni kwamba kipande kimoja pekee hakithibitishi kitu. Vipande vya rili ni kama mashahidi mbele ya kadhi, ambaye hamsadiki mtu kwa ufasaha wake bali husikiliza iwapo maneno ya wote yanaafikiana. Kanuni ya pili ni kutenga mafungu matatu: kipande cha asili, kilichotoka kiwandani pamoja na rili yenyewe, kipande cha badali, kilichotiwa na kiwanda kile kile wakati rili iliporudishwa kutengenezwa, na kipande cha kigeni, kilichofanywa na fundi mwingine au kilichonyofolewa katika rili nyingine. Fungu la pili ndilo linalowatatiza wengi, kwa maana rili yenye umbo la zamani na kamani ya miaka ya baadaye yamkini haikuchezewa na mlaghai yeyote, bali ilirudi Alnwick baada ya misimu mingi mtoni, ikahudumiwa kwa vifaa vilivyokuwapo mezani siku ile.

Tuanze na chapa, kwa kuwa ndiyo inayoonwa kwanza na ndiyo inayosadikiwa kupita kiasi. Rili za awali za Hardy zilipigwa alama ya mkono ulioshika ufito, pamoja na jina la wenyewe na la mji wao; na ndani, mahali pasipoonekana mpaka rili ifunguliwe, mara nyingi hukutwa herufi ndogo za jina la fundi aliyeiunganisha. Chapa ya kweli ilipigwa kabla ya madini kupakwa rangi ya kumalizia, kwa hiyo rangi hiyo aghalabu hukutwa imelala hata chini ya mifereji ya herufi. Ikiwa herufi zang'aa ndani wakati uso unaozizunguka ni mweusi, ipo haja ya kuuliza zilipigwa lini. Kadhalika mtu asichanganye tarehe ya hataza na tarehe ya kutengenezwa. Charles F. Orvis, wa Manchester katika jimbo la Vermont, Marekani, aliandika juu ya rili yake yenye matundu kuwa ilipewa hataza tarehe 12 Mei 1874, na Edward vom Hofe wa New York alipiga chapa ya hataza yake ya mwaka 1883; walakini rili zenye tarehe hizo ziliendelea kutoka karakanani miaka mingi baadaye. Tarehe ya namna hiyo yatuambia tu kwamba rili haikutangulia mwaka huo.

Baada ya chapa, yatazamwe madini na rangi yake. Rili za Perfect za kwanza zilikuwa za shaba ya manjano tupu; zikafuatwa na zile zenye uso wa shaba juu ya kiwiliwili cha aloi nyepesi, na hatimaye aloi ikatawala. Aloi hiyo ilipewa rangi nzito ya kijivu, mfano wa risasi, na rangi hiyo huondoka polepole pale vidole vinapogusa na pale rili inapolazwa juu ya mawe, ikibaki katika pembe na mabonde yasiyofikiwa. Kuchakaa kwa haki hufuata njia ya mkono. Rili iliyofifia sawasawa kila upande, hata nyuma ya mguu na baina ya nguzo zake, imesuguliwa na mtu aliyedhani kwamba mng'ao ni uzuri, na alichokifuta ni ile hati ambayo mchunguzi angeisoma. Mguu nao huchunguzwa kwa makini: rili za awali zilikuwa na miguu ya shaba, na mingi ya zama hizo ina michirizi, ilhali ya aloi ilikuja baadaye. Ncha zake zikiwa zimepunguzwa kwa tupa, huo bado ni mguu wa asili uliojeruhiwa. Lakini ukikuta ribiti au parafujo zake mpya, na kivuli cha mguu mwingine chini yake, hapo mguu wenyewe umebadilishwa.

Parafujo ni kitu kidogo kinachodharauliwa, na kwa sababu hiyo husema kweli. Mafundi wa Uingereza waliokuwa wakitengeneza vyombo vidogo walitumia sana vipimo vya hesi vya British Association, vilivyopangwa mwaka 1884, na vichwa vya parafujo zao vilikuwa na mfereji mmoja ulionyooka. Kichwa chenye msalaba, kilichoenea kutokana na kazi ya Henry Phillips wa Marekani katika miaka ya 1930, hakina nafasi ya asili katika rili inayodaiwa kuwa ya mwaka 1900. Katika Kentucky, mafundi wa rili kama akina Meek na Milam walikuwa na desturi ya kupiga nambari juu ya parafujo na kando ya tundu lake, ili kila moja irudi mahali ilipokereziwa, nasi leo twafaidika na uangalifu wao. Pale pasipo na nambari, mchunguzi atatazama mifereji: ikiwa imechanika kingo, rili imefunguliwa kwa bisibisi isiyoifaa, na kila kilichomo ndani chastahili kuchunguzwa tena, na parafujo moja yenye mfereji mpana kuliko wenzake, au yenye rangi safi kati ya zilizofifia, imekuja peke yake baadaye.

Ndani ya bamba la nyuma mna kizuizi, yaani ulimi mdogo wa chuma unaosukumwa na kamani dhidi ya meno ya gurudumu, ambao huzuia mshipi usitoke ovyo na kutoa ule mlio ambao wavuvi huupenda. Sehemu hii ndiyo iliyobadilishwa zaidi na mafundi wa Alnwick, hata wakusanyaji hutaja vizuizi vya Perfect kwa miaka yake: cha 1896, cha 1906, cha 1912, na kile kilichokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza chenye jina la Duplicated Mk. II. Kizuizi kikikutwa kimepishana na umbo la nje, jibu limo katika bamba lenyewe: tundu lisilo na kazi, au lililozibwa kwa madini ya rangi nyingine, au alama ya kipande kilichokaa hapo zamani, ni ithibati kwamba kilichopo si cha kwanza.

Mpini wa kuzungushia wahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapa habari ya rili yagusa pwani yetu. Rili za awali za Perfect zilitiwa mipini ya pembe za ndovu, katika zama ambazo Unguja ilikuwa soko kuu la pembe la Afrika Mashariki, na shehena zake zikisafirishwa mpaka Uingereza na Marekani kuwa funguo za piano, mipini ya visu na mipira ya biliadi. Baadaye pembe ikaachiwa nafasi ivorini, kitu cha kuigiza kilichofanywa kwa seluloidi, kisha mipini myeusi. Mchunguzi hutofautisha kwa kioo cha kukuzia: katika ncha ya pembe iliyokatwa kwa upana kuna mistari miembamba inayokingamana, ilhali ivorini ama haina mistari kabisa ama ina mistari sambamba iliyopangika mno. Sindano ya moto isitumiwe, kwani huharibu pembe, na seluloidi hushika moto kwa wepesi. Na mwenye kutaka kununua au kuuza mpini wa pembe aijue sheria kwanza: huko Uingereza sheria ya pembe ya mwaka 2018 hukataza biashara hiyo, ikiruhusu kwa usajili vitu vichache, vikiwemo vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1947 ambavyo pembe yake haifiki asilimia 10 ya ujazo. Kutia pembe mpya katika rili ya kale eti ili kuirudisha katika asili yake ni kosa mara mbili, kwa chombo na kwa ndovu.

Shahidi mwingine ni pete ya akiki iliyowekwa mahali mshipi unapopita, kama katika rili ya St. George, iliyotolewa na Hardy mwaka 1911. Akiki ni jiwe gumu ambalo kisu cha kawaida hakilikwaruzi, nalo huwa baridi likiguswa. Hupasuka likianguka, na waliopoteza la kwanza mara nyingi walitia kioo au plastiki mahali pake.

Hatimaye vipande vyote vipimwe kwa pamoja. Vitu viwili vilivyosuguana miaka mingi huchakaa kwa kufuatana: njia iliyochimbika katika chuma lazima iwe na uso uliolainika upande wa pili, na ngoma iliyolika ikizunguka ndani ya kiwiliwili kisicho na alama yoyote haikuzeeka humo. Katalogi za Hardy za kila mwaka, zilizoitwa Anglers' Guide, zina michoro na maelezo ya rili za msimu husika, na kuzilinganisha na kitu kilichoko mkononi ni bora kuliko kutegemea sifa za muuzaji.

Maarifa haya yana kazi hata karibu nasi. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti kutoka Loch Leven, Skotilandi, akawatia katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua, Kenya, na wavuvi waliowafuata samaki hao walikuja na vyombo vya kwao; si ajabu basi kukuta rili ya zamani katika sanduku la nyumba ya Nyeri au Nanyuki. Anayeipata asiisugue, asiifungue kwa bisibisi asiyoipima, wala asitupe kipande kilichovunjika, kwani kipande kibovu cha asili ni bora kwa historia kuliko kizima cha kigeni. Akilazimika kutia badali ili aweze kuvua, kwa maana rili iliumbwa ivue, basi akihifadhi cha kwanza pamoja na karatasi yenye maelezo ya kilichobadilishwa na mwaka wake, na siku ya kuiuza amkabidhi mnunuzi vyote viwili. Kubadili kipande si hiana. Hiana ni kunyamaza.