Sauti ya dirishani: tumesoma kitabu ya katikati

Kuko watu wanaosema kitabu ya katikati haifai kusomwa peke yake, kwa kuwa haina mwanzo wala mwisho. Sisi mu kikundi chetu cha kusoma, wafanyakazi wa mine pamoja na ba mama wa kambi, tulipata paka hiyo ya katikati. Ilikuwa mu karton ya vitabu vya zamani: Les Deux Tours, ya Muingereza J. R. R. Tolkien, mu Kifaransa cha Francis Ledoux. Ya kwanza hatukuiona, ya tatu vilevile. Jumapili mumoja anasoma kwa sauti, mwengine anageuza mu Kiswahili, na watoto wanakaa karibu kuliko wakati wa katekisimu.

Ujue kwanza kwamba Tolkien hakufikiria vitabu vitatu. Aliandika hadithi moja ndefu, na wachapishaji wake kule London wakaikata vipande vitatu, juu kisha vita karatasi ilikuwa bei kali. Vipande vilitoka mu 1954 na 1955. Njo maana hii ya katikati inaanza sawa vile mutu anaingia mu mukutano wakati wengine wamekwisha kugombana. Usiogope. Kuko pete ya ulozi inayopaswa kutupwa mu moto wa mulima, mu inchi ya adui. Frodon njo amepewa kuibeba. Yeye na wenzake walikuwa tisa, sasa wametawanyika. Hayo yanatosha.

Nusu ya kwanza iko na mutu mumoja anaitwa Saroumane. Zamani alihesabiwa kati ya wakubwa wenye hekima. Kisha akageuka. Mahali pake, Isengard, alikata miti yote, akachimba mashimo marefu, akaweka majiko ya chuma chini ya udongo, moshi ikatoka usiku na muchana. Wenye kuleta mwisho wake ni miti yenyewe, miti yenye kutembea na kusema, inayofungulia mto uingie mu mashimo yote. Watoto walipiga mikono. Sisi wa mine tuliangaliana. Tunajua maji mu galeri ni kitu gani. Kama kulikuwa mutu chini wakati ule, mwandishi anapita mbiyo, haulizi jina yake. Hapo hatusikilizani naye.

Lakini kisha maji kuna sura moja ambayo tuliisoma mara tatu. Saroumane ameshindwa, amejifungia mu munara wake, Orthanc. Washindi wanakuja kusemezana naye. Yeye anatokea juu, dirishani. Wao wako chini, mbele ya ngazi. Hana tena jeshi. Amebaki na sauti. Na ile sauti ni tamu vile kwamba kila mwenye kusikia anaona maneno yake ni ya hekima, na mwenye kumujibu anaonekana mutu bila adabu. Anamuita mufalme Théoden kwa heshima, anamuhurumia, anasema tuache ugomvi, tufanye amani. Askari wa mufalme wanaanza kukubali kwa vichwa.

Ndugu, kama umeisha kukaa mbele ya meza ya bakubwa na chupa za maji ya baridi, ile sauti unaijua. Mwaka mumoja tuliingia kuomba miezi tatu ya mushahara. Tuliambiwa sisi ni familia moja, na wenye kusema neno mushahara walianza kuona haya.

Sasa nani anakata ile sauti kwanza? Si mufalme, si mufumu. Ni Gimli, mutu mufupi mwenye ndevu, wa taifa la wachimbaji wa majabali. Anasema wazi kwamba kwa Saroumane maneno yamegeuzwa kichwa chini: akisema kusaidia, maana yake ni kuharibu. Mama mumoja aliuliza kama mwandishi alikuwa na ndugu mu mine. Hapana, alikuwa mwalimu mu universite ya Oxford. Lakini alikuwa mu vita mu 1916, kule Somme mu Ufaransa, na aliheshimu sana askari wadogo.

Mambo haiishie hapo. Saroumane anaacha wote, anamugeukia Gandalf peke yake: wewe na mimi ni wakubwa, panda juu, tuzungumuze. Na wale wa chini wanajisikia sawa watoto wamefukuzwa nje wakati wazazi wanasema. Wote wanaamini Gandalf atapanda, mulango utafungwa, na wao watangojea kwenye ngazi kuambiwa nini imeamuliwa juu yao.

Hapo msomaji alisimama kidogo. Kati yetu kulikuwa ba delege tatu. Kila mutu mu kambi anajua delege gani alipanda peke yake, na siku gani alishuka na uso mwengine. Mama mumoja akasema: «Eko na sauti muzuri, lakini mulango iko ya kufunga.»

Gandalf anacheka. Njo jibu lake la kwanza, kicheko, na yale mawazo yote yanapotea sawa moshi. Anajibu palepale, mbele ya wote. Tumependa sana ile.

Nusu ya pili ni nzito: Frodon na Sam mu matope na mawe, na Gollum anawaongoza, mutu aliyeharibiwa na ile pete. Wengine walichoka, tunaelewa. Lakini muone jambo hili: wale wawili wanatembea wakifikiri Gandalf amekufa. Isengard imeanguka, hawajui. Hakuna mutu wa kuwafikishia habari. Mwenye alikuwa chini mu posti ya usiku, siku ya mugomo, hataomba tumueleze.

Mwisho wa kitabu Frodon anachukuliwa na maadui, angali muzima, na Sam anabaki nje ya mulango wa chuma. Ukurasa umekwisha. Ba mama wawili walikasirika kabisa. Mumoja wao aliisha kungojea mbele ya mulango wa aina hiyo, tangu saa kumi ya asubui mpaka giza, na hakutaka kulala na jambo hilo.

Basi kitabu ya tatu, Le Retour du Roi, tunaitafuta. Mwenye iko nayo aikopeshe. Tutairudisha na karatasi zake zote.