UVUVI WA MSHIPI KATIKA MAJI MAFUPI: FUNZO LA KISIWA CHA RUBONDO

Kuvua kwa mshipi si jambo geni kwa wakaazi wa visiwa. Lililo geni kwa wengi ni kumnasa samaki kwa zana nyepesi, kisha kumrejesha majini akiwa hai. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa ni mchezo wa wenye nafasi, usiomhusu mtu anayetafuta kitoweo. Makala haya yanaeleza namna uvuvi huo unavyofanyika, na sababu zinazofanya maji mafupi ya ufukweni yamhusu kila anayekula samaki.

Maji mafupi ni yale ambayo mtu mzima husimama bila ya kuzama. Baharini, ni sehemu za mchanga, majani ya bahari na mikoko, kama zile za Ghuba ya Chwaka, ambazo hufunikwa maji yanapojaa na huachwa wazi yanapotoka. Samaki huingia na maji kutafuta kaa na kamba wadogo, na hutoka nayo. Mvuvi wa mchezo huenda kwa miguu, polepole, akimtafuta samaki kwa macho kabla ya kurusha. Chambo chake ni cha bandia, kilichofungwa kwa manyoya na nyuzi hata kikafanana na kamba au kidagaa. Chambo hicho hakina uzito. Kinachokipeleka mbali ni mshipi wenyewe, ambao ni mzito kuliko wa kawaida, na ambao ncha yake ni uzi mwembamba usioonekana kwa urahisi. Kwa kuwa hakuna risasi inayoanguka kwa kishindo, samaki hashituki.

Mfano wa faida ya kuyalinda maji ya aina hii unapatikana pia mbali na bahari, katika Ziwa Victoria, Mkoa wa Geita. Mkoa huo, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, hujulikana zaidi kwa dhahabu. Lakini dhahabu hailiwi. Wachimbaji wa Geita, na wenzao wa Kahama mkoani Shinyanga, hula sangara, sato na dagaa wa ziwa hilo. Shimo la dhahabu lina mwisho wake. Samaki huendelea kuzaa iwapo ataachiwa mahali pa kuzalia.

Mahali pamoja palipoachwa kwa ajili hiyo ni Kisiwa cha Rubondo. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Eneo la hifadhi ni kiasi cha kilomita za mraba 457, na karibu nusu yake ni maji. Uvuvi wa biashara hauruhusiwi humo. Unaoruhusiwa, kwa kibali cha Shirika la Hifadhi za Taifa, ni uvuvi wa mchezo wa kunasa na kuachia. Mvuvi wa huko hatembei majini kama afanyavyo mwenzake wa baharini, kwani mamba na viboko ni wengi. Huvua akiwa ndani ya boti.

Hapana budi kulijibu swali ambalo mkaazi wa mwambao ule ana haki ya kuliuliza: kwa nini mgeni mwenye ufito wa kuvulia akaribishwe mahali ambapo mwenye nyavu anazuiwa? Uzito wa swali hilo unaongezeka ikikumbukwa kwamba waliokuwa wakiishi Rubondo walihamishwa ili kisiwa kihifadhiwe. Jibu liko katika maisha ya samaki wenyewe. Sato huchimba kiota katika mchanga wa maji mafupi, na jike hubeba mayai na vifaranga kinywani. Sangara wachanga nao hukulia kando kando ya ziwa kabla ya kwenda kilindini. Wavu wa kukokota, ambao huko huitwa kokoro, hukwangua viota na kuzoa wachanga pamoja na wakubwa. Ndiyo maana Kanuni za Uvuvi za Tanzania Bara za mwaka 2009 zililipiga marufuku kokoro na kukataza kuvuliwa kwa sangara aliye chini ya sentimita 50. Mshipi humchukua samaki mmoja mmoja na kuiacha sakafu ya maji kama ilivyokuwa. Samaki wanaokulia hifadhini hawajui mpaka; hutoka na kuingia katika nyavu za wavuvi wa nje.

Hata hivyo, kuachia samaki hakuna maana iwapo atakufa baadaye. Sangara ana bondo, kifuko cha hewa tumboni ambacho wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa hukinunua kwa bei kubwa. Samaki akivutwa haraka kutoka kilindini, hewa hiyo hutanuka, tumbo likavimba, naye akashindwa kurudi chini. Anayenaswa katika maji mafupi huepukana na dhara hilo. Kwa sababu hiyo kunasa na kuachia kunafaa zaidi katika maji mafupi.

Anayekusudia kumrejesha samaki, baharini au ziwani, azingatie haya:

(a) Ndoana iwe moja, na jino lake la nyuma libanwe kwa koleo ili itoke kwa urahisi.

(b) Samaki asichoshwe kwa muda mrefu. Avutwe mara anapodhibitiwa.

(c) Mikono ilowanishwe kabla ya kumshika, kwani mkono mkavu huondoa utelezi unaomkinga na maradhi.

(d) Asishikwe kwenye matamvua, wala asiburutwe mchangani.

(e) Abakizwe majini wakati wa kuchomolewa ndoana, na ashikwe wima mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe.

Ziwa Victoria lina kanuni zake, na bahari ya Visiwani inasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar ya mwaka 2010. Lakini kazi ya maji mafupi ni moja kote: ni malezi ya samaki. Mwenye kukokota wavu juu ya majani ya bahari leo humnyima jirani yake mwenye dema au mshipi riziki ya miezi ijayo. Wananchi wanaombwa kutoa taarifa kwa kamati za wavuvi na kwa maofisa wa uvuvi wa wilaya zao waonapo nyavu za kukokota katika maji hayo, na wanaowapokea wageni wa uvuvi wa mchezo wahakikishe kwanza kwamba vibali vimepatikana na kwamba wavuvi wa kijiji husika wamearifiwa.