Droni ya Kikundi: Kibali Kwanza, Ndege Baadaye

Siku hizi vikundi vimeanza kuulizia droni, ile ndege ndogo isiyo na mtu ndani ambayo huongozwa kwa rimoti kutoka chini. Zamani tuliiona kwenye harusi na mikutano ya siasa tu. Sasa kikundi cha maji kinataka kujua bomba limepasuka wapi, na kikundi cha miti kinataka kuhesabu miche iliyokauka mlimani. Si maombi ya kipuuzi. Ukiwa na bwawa la mchanga kama yale ya Makueni na Kitui, picha chache kutoka juu zitakuonyesha makorongo yanayoleta udongo bwawani, kazi ambayo kwa miguu ingekumalizia siku nzima na viatu pia.

Lakini wanakikundi, tuanze na pesa. Tuchukue kikundi cha watu 25, kila mmoja akiweka shilingi 200 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 5,000. Kama droni mnayoitaka ni ya shilingi 100,000, mtaweka akiba wiki 20, karibu miezi mitano, bila hata mtu mmoja kukosa. Pesa hizo zinaweza kupotea kwa asubuhi moja, na mara nyingi si kwa sababu ndege imeanguka. Hupotea kwa sababu kikundi kilinunua kwanza na kuuliza sheria baadaye.

Sheria inasemaje?

Hapa Kenya mambo ya droni yako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, ambayo wengi huijua kama KCAA. Kanuni zinazotumika zilitolewa mwaka 2020. Kabla ya hapo watu wengi walizoea kusikia kwamba droni imepigwa marufuku kabisa, na mpaka leo utawasikia wengine barazani wakisema hivyo. Si kweli. Inaruhusiwa, ila kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe huanza hata kabla ya chombo kufika nchini. Kuingiza droni kunahitaji idhini ya KCAA kwanza. Hapa ndipo zawadi nyingi hukwama. Rafiki wa kikundi anatoka ng'ambo, ameweka droni kwenye sanduku kwa moyo mwema, anafika uwanja wa ndege wa Nairobi na maofisa wa forodha wanaizuia kwa sababu hana karatasi. Kuikomboa ni safari nyingi na nauli nyingi. Kwa hivyo mtu akiwaandikia kwamba anawaletea droni, mshukuruni, kisha mwambieni asiipakie kabla kibali hakijapatikana. Mwambieni pia kwamba betri za akiba hazipakiwi katika mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, anazibeba mkononi.

Mkinunua hapa nchini, muulizeni mwenye duka hati ya usajili. Kila droni husajiliwa na KCAA kwa jina la mwenyewe, na ikiuzwa, mamlaka lazima ijulishwe ili jina libadilishwe. Droni ya mkono wa pili isiyo na hati ni sawa na pikipiki isiyo na logibuku. Bei yake itakuwa tamu, na utamu wenyewe uwatie wasiwasi. Mwenye kusajili awe ametimiza miaka 18, au iwe shirika linalotambulika kisheria. Hapo katibu atoe cheti cha kikundi, na kama muda wake umepita, mkishughulikie kwanza.

Kuna wanaosema droni ndogo ya chini ya gramu 250 haihitaji chochote. Hayo wameyasoma ya nchi nyingine, ambako uzito huo hupunguziwa masharti. Msiyachukue kuwa ya Kenya. Ulizeni KCAA.

Nani atairusha?

Swali hili ndilo huleta ugomvi. Kijana mwenye simu kubwa hujitokeza, na kwa kweli kuipaa na kuitua droni ya siku hizi hujifunza kwa siku moja. Lakini rubani wa kazi anahitaji leseni ya KCAA, na leseni hiyo hutanguliwa na mafunzo katika chuo kilichoidhinishwa na mamlaka hiyo. Hufundishwa sheria za anga, hali ya hewa, chombo chenyewe na namna ya kuchukua hatua mambo yakiharibika. Karo yake inaweza kupita bei ya droni ndogo yenyewe. Na kama kikundi kitafanya kazi ya malipo, mathalani kuwapigia majirani picha za mashamba, leseni ya mtu mmoja haitoshi. Kikundi chenyewe kama mwendeshaji kinahitaji hati yake, pamoja na bima ya kumfidia mtu atakayeumia au mali itakayoharibika.

Maoni yetu ni kwamba wafundishwe watu wawili, na mmoja wao awe mtu mwenye familia na shamba hapo kijijini. Kijana akipata leseni kwa pesa za kikundi halafu apate kazi Nairobi, mtabaki na ndege kabatini. Andikeni makubaliano kabla ya kulipa karo, si baada.

Rubani akishahitimu bado ana mipaka. Haruhusiwi kupita futi 400 kutoka ardhini, yaani karibu mita 120, isipokuwa kwa idhini maalum. Lazima aione droni kwa macho yake wakati wote. Akae mbali na watu, magari na majumba yasiyomhusu, angalau mita 50. Asikaribie viwanja vya ndege: kilomita 10 kwa viwanja vikubwa na 7 kwa vile vidogo. Usiku asiruke bila idhini. Mbuga za wanyama ni mwiko bila ruhusa ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Kiwanja kidogo cha murramu ambacho hutua ndege ya daktari mara moja kwa mwezi, hicho nacho ni kiwanja. Anayekiuka anaweza kutozwa faini kubwa au kufungwa.

Vifaa vya kununua na vya kuacha

Muuzaji atawaonyesha mkoba mzuri, vioo vya rangi vya kufunika kamera, taa na madude mengine mengi. Acheni. Nunueni betri. Droni ndogo ambayo boksi lake limeandikwa dakika 30 itawapa kama 20 au 25 za kazi, kwa sababu ya upepo na kwa sababu hamtakiwi kuimaliza betri angani. Ikibaki asilimia 30, rudini. Kwa hivyo betri tatu ndio kiasi cha kufanyia kazi ya asubuhi moja.

Betri hizi ni za lithiamu na zina hasira. Zikiwa moto baada ya kuruka, ziacheni zipoe kabla ya kuchaji. Msichaji usiku mkiwa mmelala, wala karibu na magodoro au jiko. Kama hamtaruka kwa wiki kadhaa, zihifadhiwe zikiwa nusu, si zikiwa zimejaa wala zikiwa tupu. Betri iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inawaka. Ikitobolewa inaweza kulipuka moto.

Baada ya betri, nunueni propela za akiba. Zile nne hazifanani: mbili huzunguka upande mmoja na mbili upande mwingine, na ukizichanganya droni itapinduka pale pale chini. Tafuteni alama zake. Ongezeni memori kadi mbili na kipande cha turubai cha kurukia, maana vumbi letu jekundu huingia kwenye mota na kuzimaliza.

Siku ya kwanza

Kabla ya kutoka mjini au popote penye mtandao mzuri, fungueni programu ya droni kwenye simu na mkubali mabadiliko yake yote. Wengi hufika shambani, simu inasema programu imepitwa na wakati, mtandao hakuna, na siku imeisha.

Chagueni uwanja wazi, mbali na mabati, nyaya za stima na mnara wa simu, kwa sababu vyuma huichanganya dira iliyo ndani ya chombo. Washeni, kisha msubiri mpaka iseme imepata setilaiti na imeweka alama ya nyumbani. Alama hiyo ndiyo itakayoirudisha mawasiliano yakikatika. Na hapa kuna jambo ambalo hugharimu droni nyingi: urefu wa kurudia. Droni ikirudi yenyewe hufuata urefu uliopangwa. Kama umepangwa mita 20 na kati yenu kuna mikaratusi, ambayo inaweza kupita mita 30, itaingia mtini moja kwa moja. Pangeni urefu unaopita kila kitu kilichoko hapo.

Anzeni kwa kwenda mkielekea upepo, ili wakati wa kurudi betri ikiwa chini upepo uwasukume. Mwewe akianza kuizunguka, shusheni polepole mkae nusu saa. Mvua ikinyunya, tueni.

Juu ya jirani

Bafu zetu nyingi hazina paa. Mama anayeoga nyuma ya nyumba akisikia mlio juu ya kichwa hatauliza kama ni mradi wa maji. Picha ya mtu anayetambulika iko chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, hata kama mlikuwa mkitafuta bomba. Mjulisheni chifu na mzee wa kijiji siku na saa, ombeni ruhusa kwa kila mwenye shamba mtakalopita, na mkubaliane ni nani anaziweka picha. Tena msikubali kutumiwa kwenye kesi za mipaka. Picha ya droni haipimi shamba. Kazi hiyo ni ya mpimaji mwenye leseni na msajili wa ardhi. Hata kunyunyiza dawa kutoka angani ni jambo lingine lenye masharti yake, msilianze kwa kuiga video.

Sasa hesabuni: mnahitaji picha mara ngapi kwa mwaka? Kama ni mara mbili, baada ya mvua ndefu na baada ya vuli, mkodisheni rubani mwenye leseni na hati zake, mwone karatasi kwa macho, na akiba ibaki kwa mikopo ya wanachama. Kama ni kila wiki, na vikundi jirani vitachangia, basi kununua kuna maana. Mwenyekiti na mwekahazina waende kwanza KCAA, ambayo makao yake makuu yako kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, wakiwa na cheti cha kikundi na aina ya droni iliyoandikwa kwenye karatasi, waulize ada za mwaka huu za idhini, usajili na leseni. Wakirudi, mkutano uitishwe na hesabu isomwe yote kabla ya shilingi yoyote kutoka benki.