Machicha ya kahawa yana mali, lakini piga hesabu kwanza

Ukiagiza kahawa mjini, sehemu kubwa ya unga haifiki kikombeni. Anayekupikia anayagonga machicha kwenye pipa na kumgeukia mteja mwingine. Humo pipani kumebaki kafeini, asidi za klorojeniki zinazosaidia kulinda seli zisiharibiwe, na mafuta yanayotumika kwenye krimu za ngozi.

Kuvitoa si uchawi. Machicha hukaushwa, mafuta yakakamuliwa, kisha yakalowekwa katika ethanoli iliyochanganywa na maji ya moto. Ukichuja na kuivukiza ethanoli, ambayo huivuna uitumie tena, unabaki na dondoo. Makapi yanatengeneza makaa.

Sasa hesabu. Kilo 100 za machicha mabichi zikikauka zinabaki kama 40, maana mengine ni maji. Mafuta ni asilimia 10 hadi 15 ya hizo 40, yaani kilo 4 hadi 6. Tena usipoyakausha haraka yanaota ukungu, na hapo umebeba takataka tu. Usafiri na ukaushaji ndivyo vinavyomaliza pesa. Bio-bean ya London ilianza 2013 ikikusanya machicha ya migahawa na kutengeneza kuni. Mwaka 2023 ilifunga. Kaffe Bueno ya Denmark, iliyoanzishwa na vijana wa Kolombia, ilichagua mafuta ya vipodozi, bidhaa ndogo yenye bei kubwa.

Kwa nini Konza? Wengi wanaijua kama mji wa kompyuta, lakini Kenya-KAIST, chuo kilichobuniwa kwa mfano wa KAIST ya Korea Kusini, makao yake ni huko. Migahawa ya Nairobi iko barabara hiyohiyo ya Mombasa.

Uchungu ni kwamba buni ya Kangundo na Matungulu, kule Machakos, kwa sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa mbichi. Machicha yake yanabaki huko nje. Kinachobaki kwetu ni maganda yanayorundikwa viwandani wakati wa mavuno, nayo yana kafeini na klorojeniki vilevile! Mimi ningeanzia hapo, maana mzigo uko mahali pamoja.

Ila usikimbilie kuuza krimu mtandaoni kabla ya kufika KEBS. Wiki hii omba mgahawa mmoja machicha ya siku moja, yaanike juani, uyapime kabla na baada. Ukienda kumwona mtu wa maabara, hizo namba mbili ndizo atakazokuuliza kwanza.